Shangazi, katuni zinaniharibia binti?

Assalam alaikum Shangazi,

Naishi Langoni, hapa Lamu, nyumba moja na mama mkwe wangu. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 11, wa kike miaka 8. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya watalii. Msimu ukishika hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mimi nashona kofia. Kofia ya mkono haitaki pupa, ukikosea tundu moja unafumua mstari mzima, kwa hivyo mtoto akitulia mbele ya televisheni namshukuru Mungu. Katuni zimeingia nyumbani kwa njia hiyo. Kuna kijana wa muvi hututilia kwenye fleshi, za zamani na za sasa zote pamoja, na zote ni za Kiingereza.

Kisa kilianza siku ami yao alipokuwa na wageni. Mama mkwe alimwita binti yangu apeleke sinia la chai na mahamri. Mtoto alikuwa ameinamia daftari la hesabu. Kakake amejilaza kwenye kochi na simu ya babake, anacheza gemu. Binti akasema, na wageni wanasikia, "Bibi, kwa nini hapeleki yeye? Yeye hana kazi." Wageni walicheka. Mama mkwe hakucheka. Usiku aliniita chumbani kwake akaniambia, "Mwana huyu meharibika, na mharibifu ni hiyo tivii yako."

Katuni anayoilaumu hasa ni Moana. Alipita sebuleni akamwona msichana anamkaidi baba yake, anatia chombo baharini peke yake, akasema haya ndiyo yanayomfunza mtoto kujibu wakubwa. Kumbe juzi binti amemwambia babake kuwa akikua atakuwa nahodha! Mume wangu alifurahi, akamwambia inshallah. Lakini mama yake aliposema, akageuka: atafuta katuni zote kwenye fleshi, amalize maneno. Mama mkwe yeye angeridhika zibaki zile za zamani. Kuna msichana anafagia na kuimba na ndege, kuna mwingine amelala mpaka anakuja kuamshwa, kisha wanaolewa. "Hao wana adabu zao," asema. "Samaki mkunje angali mbichi."

Ningenyamaza, Shangazi, lakini kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilimkuta binti yangu mbele ya kioo cha kabati. Amejifunga kichwani mtandio wangu wa manjano, ameuacha unaning'inia mpaka magotini, na uso wote ameupaka poda ya mtoto hadi kwenye kope. Nikamuuliza ni mchezo gani. Akaniambia yeye ni Rapunzel, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hivi ndiyo mimi mzuri." Nilimnawisha uso, sikuwa na neno la kumwambia.

Sasa sijui nishike lipi. Nizifute zote? Nibakishe za zamani kama anavyotaka mama mkwe? Na nitasema naye vipi bila kumvunjia heshima? Ni mtu mzuri kwangu, amenilea kama mwanawe.

Mshona kofia, Langoni

*

Waalaikum salaam mwanangu,

Usifute kitu. Nakwambia hili mwanzo kabisa kwa sababu babake ameshashika fleshi mkononi. Halafu nakuomba utenganishe mambo mawili uliyoyaweka kwenye barua moja. La sinia limefanya nyumba nzima itaharuki, na la kioo umelificha. Kwangu mimi la kioo ndilo zito. Mtoto anayeuliza swali la haki mahali pasipofaa anaelekezwa kwa dakika tano. Mtoto wa miaka 8 aliyekwisha kuamini kuwa uso wake unahitaji kufunikwa ndipo uwe mzuri, huyo anahitaji kazi ya muda, na kazi hiyo ni yako.

Lakini tuanze na mama mkwe, maana ndiye mwenye neno nyumbani, na hoja yake ina uzito wake.

Anasema wasichana wa katuni za zamani wana adabu. Tuwatazame basi. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Disney ni Snow White, ya mwaka 1937. Cinderella ikaja 1950, na Sleeping Beauty, ya yule anayelala, mwaka 1959. Ni kazi nzuri kwa macho, sikatai, mikono iliyochora ilikuwa na ufundi. Ila huyo wa mwisho, ambaye filamu nzima imeitwa kwa ajili yake, anaonekana kwa kama dakika 18 tu katika saa moja na robo. Anaposwa akiwa mchanga, anafikisha miaka 16, analala, anaamshwa na mwanamume aliyemwona mara moja msituni. Hakuna aliloamua. Mwulize mama mkwe kwa upole: adabu ni hii? Kumtii mzazi ni kitendo, mtu anakifanya akiwa macho. Msichana aliyelala hamtii mtu.

Na anaolewa akiwa na umri gani? Miaka 16, kama yule msichana nguva wa mwaka 1989 ambaye naye anaolewa akiwa na miaka 16. Kwa sheria yetu ya ndoa ya mwaka 2014 huyo bado ni mtoto mpaka afike 18. Mama mkwe wako anaona harusi nzuri mwishoni na hasumbuki. Mimi nasumbuka, kwa sababu mtoto wa miaka 8 akiona harusi hiyo mara ishirini anahesabu kuwa imebaki miaka minane.

Huyo nguva, Ariel, nataka nimkalie kidogo, kwa sababu yeye ndiye watu wengi humtaja wanaposema mambo yalianza kubadilika. Ana ukaidi, ana udadisi, anakusanya vitu vya watu wa nchi kavu, anamwokoa mwanamume asizame. Haya yote ni mapya ukilinganisha na aliyelala. Kisha anafanya nini? Anampa mchawi sauti yake apewe miguu. Mchawi anamshawishi kwa kumwambia kuwa wanaume wa nchi kavu hawapendi mwanamke msemaji. Kweli anayesema hivyo ni mbaya wa hadithi, na mtunzi hakutaka tumwamini. Lakini sehemu kubwa inayobaki mtoto anamtazama msichana asiye na sauti akipendwa kwa macho yake tu.

Wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walikaa wakahesabu nani anasema maneno mangapi katika filamu hizi za mabinti wafalme. Matokeo yao yalipotoka mwaka 2016 yalinishangaza, na bado nayarudia kwa kila mzazi anayeniuliza. Katika Snow White wanawake na wanaume wamegawana maneno karibu nusu kwa nusu. Katika Cinderella wanawake wanasema asilimia 60. Kisha inakuja ya nguva, ya msichana mkaidi anayetaka uhuru, na wanaume wanachukua asilimia 68. Katika Aladdin ya 1992 wanaume wanachukua asilimia 90. Hata Mulan ya 1998, msichana anayeshika upanga na kuokoa nchi, wanaume wamesema asilimia 77 ya maneno, kwa sababu kila aliye karibu naye ni mwanamume, hata joka lake.

Unaona basi kwamba mama mkwe wako na wale wanaosifu katuni za sasa wote wanakosea mahali pamoja: wanadhani kuna mstari, zamani upande huu na sasa upande ule. Msichana alipewa upanga kabla hajapewa nafasi ya kusema. Frozen ya 2013 hadithi ni ya dada wawili, na bado wanawake wamepata asilimia 41 tu.

Wewe unaketi na kushona, utanielewa nikikwambia kitu hubeba mkono wa aliyekitengeneza. Mwaka 1938 msichana mmoja wa Marekani aliomba kufunzwa uchoraji wa katuni katika studio ya Disney. Alijibiwa kwa barua kuwa kazi ya kubuni ni ya vijana wa kiume, na wanawake kazi yao ni kupitisha wino na kutia rangi michoro iliyokwisha kuchorwa. Barua hiyo ipo mpaka leo, watu wengi wameiona. Linda Woolverton alipoandika hadithi ya Beauty and the Beast, iliyotoka 1991, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiandikia studio hiyo filamu ndefu ya katuni, na kwa mara ya kwanza tukampata binti anayependa vitabu na anayemkataa mchumba mwenye kifua kipana. Jennifer Lee, mmoja wa waongozaji wawili wa Frozen, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ndefu ya studio hiyo. Kuanzia 1937 mpaka 2013, mwanangu! Tena si kwamba wanawake hawakuiweza kazi. Filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ni ya mwanamke wa Ujerumani, Lotte Reiniger, ya mwaka 1926. Alikata watu wake kwa makasi kwenye karatasi nyeusi, na hadithi zake alizitoa katika Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo mama mkwe wako amezisikia tangu mdogo. Aliyezisimulia humo ni Shahrazadi, aliyeokoa shingo yake na za wasichana wa mji mzima kwa kusema usiku baada ya usiku.

Sasa hiyo Moana.

Mama mkwe ameona kipande. Amepita sebuleni, Kiingereza hakijui, ameona mtoto anamkimbia baba yake, ameudhika. Mtu yeyote wa Lamu angeudhika, kwetu bahari si mchezo na kila mtaa una familia iliyopoteza mtu majini. Lakini mwombe aketi aione yote, na atafsiriwe. Baba wa yule msichana anakataza vyombo visivuke mwamba kwa sababu alipokuwa kijana alivuka na rafiki yake, na rafiki akafa maji. Katazo lake lina huruma ndani. Na nani anamwonyesha msichana njia? Bibi yake! Mama wa baba. Yeye ndiye anayemwongoza mpaka kwenye pango lililofichwa vyombo vya wazee wao, ajue kuwa watu wake walikuwa mabaharia kabla ya kuogopa. Msichana anaondoka kwa baraka za bibi, anarudi, anawarudisha watu wake baharini, na baba yake anasafiri pamoja naye. Hakuna mume mwishoni, hakuna hata mchumba. Filamu ya 2016 hiyo, na katika zote ulizonazo kwenye fleshi sidhani kama kuna nyingine inayompa mwanamke mzee heshima kiasi kile.

Nani atatafsiri? Binti yako. Mkae watatu, mama mkwe kwenye kiti chake, sauti ipunguzwe, mtoto amweleze bibi yake kila mtu anasema nini. Utapata faida mbili hapo. Mama mkwe ataona kinachomo badala ya kukisia kwa picha. Na mtoto atalazimika kuifikiri hadithi, kwa sababu huwezi kumweleza mtu kisa ambacho umekitazama tu huku ukila chipsi. Bibi akiuliza "Kwa nini hakumwambia babake?" mtoto itabidi ajibu. Acha waulizane. Usiingie kati kutetea katuni.

Na kama bado atasema mwanamke wa zamani alikuwa kimya, mkumbushe kwa adabu Mwana Kupona binti Mshamu. Hakuna mama wa Lamu wa umri wake asiyeujua utendi ule, alioutunga kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima yapata mwaka 1858. Ni kweli humo ndani anamhimiza binti amtii mume, na amtii sana, sitaficha hilo. Lakini kabla ya yote anamwita aje aketi na wino na karatasi. Binti wa karne ile, katika pwani hii, anategemewa kuwa anajua kuandika, na mama yake mgonjwa anataka maneno yake yabaki. Leo ni zaidi ya miaka 160 na bado tunayasoma. Huyo hakuwa mtu wa kulala asubiri kuamshwa.

La sinia nitalimaliza upesi. Swali la binti yako lilikuwa la haki na mahali pake hapakuwa mbele ya wageni. Yote mawili aambiwe, na kwa mpangilio huo, lisije likamezwa la haki na la adabu. Kisha mtoto wa kiume apeleke sinia wiki hii, yule wa kike wiki ijayo. Mama mkwe akilalamika kuwa mwanamume hatumikishwi nyumbani, kuna hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari: Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Sidhani atakuwa na la kuongeza.

Na hapohapo, mbona hukuniuliza kuhusu huyo mtoto wa kiume? Katuni hizi anazitazama naye, hata akijifanya hazimhusu. Kila akiona filamu ambayo wasichana ni wawili na wanaume kumi na watano, naye anajifunza nani ni mtu wa kusikilizwa. Mimi naona madhara ya wasichana walionyamaza yamewafikia wavulana zaidi kuliko tunavyokiri. Aketi naye siku ya Moana.

Turudi kwenye kioo.

Rapunzel wa Tangled, ya mwaka 2010, si msichana dhaifu. Anajitetea na kikaango, anatoka mnarani kwa akili yake, na ni katika filamu chache ambazo wanawake wamepata zaidi ya nusu ya maneno, asilimia 52. Ukisoma maandishi ya wakosoaji utaambiwa huyu ni wa kizazi kipya, ni mfano mwema. Na binti yako amechukua nini kwake? Nywele. Hakuchukua ujasiri wala kikaango, alichukua nywele za manjano na ngozi nyeupe. Ndiyo sababu siridhiki mtu akiniambia "katuni za sasa ni nzuri, wasichana wana nguvu." Nguvu wamepewa, sura imebaki ileile: macho makubwa kama ya mtoto mchanga, pua ya kubana, kiuno ambacho tumbo la mtu haliwezi kuenea ndani yake. Wanasesere wanauzwa kwa sura hiyo, na fedha nyingi ziko kwa wanasesere.

Mwaka 2012 ilitoka Brave, yenye binti mwenye nywele nyekundu za kukwaruzana, Merida, mpiga mishale. Brenda Chapman aliibuni hadithi hiyo kutokana na yeye na binti yake mwenyewe, kisha katikati ya kazi akaondolewa kwenye uongozi, ingawa jina lake lilibaki na tuzo ya Oscar akaipata. Mwaka 2013 kampuni ya Disney ikamchora upya Merida ili aingizwe kwenye kundi la mabinti wafalme wa kuuzia bidhaa. Kiuno kikapunguzwa, shingo ya gauni ikashushwa, upinde wake ukaondolewa. Chapman alilalamika hadharani, na watu zaidi ya 200,000 wakatia saini kupinga. Hapo utaona pa kuangalia: filamu inaweza kusema jambo moja na mkoba wa shule wenye picha ya msichana yuleyule ukasema jingine. Ukienda dukani kununua mkoba, angalia.

Na watoto wetu weusi je? Tulisubiri mpaka 2009 ndipo Disney ikamleta Tiana, binti mweusi wa kwanza katika kundi lile. Mchapakazi, ana ndoto ya kufungua hoteli yake ya chakula. Nampenda. Lakini sehemu kubwa ya filamu ni chura wa kijani. Mtoto aliyeketi kumsubiri msichana anayefanana naye anapewa chura. Hili liliniuma nilipoliona na linaniuma mpaka leo.

Ufanye nini na Rapunzel? Mtazame naye mpaka mwisho. Zile nywele zinakatwa, kwa kipande cha kioo, zinageuka kuwa za kahawia na fupi, na uchawi wa nywele hizo unaisha. Yeye anabaki yuleyule na wazazi wake wanamtambua hivyohivyo. Simamisha hapo, umwulize: "Sasa hana zile nywele. Ni nani huyu?" Usimjibie.

Lakini nitakwambia jambo ambalo huenda likakukera, na nalisema kwa mapenzi. Katuni haikumkuta binti yako hana kitu kichwani. Hapa pwani tunasifu weupe waziwazi mbele ya watoto. Mtoto akizaliwa la kwanza ni "mweupe huyu, ametoka kwa nyanya yake." Kwenye harusi bibi harusi hupakwa mpaka hatumtambui, na wanawake wanasifia, "Ameng'aa!" Anayekwenda shambani au baharini huambiwa ameungua. Binti yako alisikia haya kwa miaka minane, kisha akaona picha inayoyathibitisha. Poda aliyojipaka haikutoka kwenye televisheni, ilitoka kwenye kabati lako. Kwa hiyo sikiliza, kuanzia leo, nani nyumbani anatoa maneno haya. Kama ni wewe, acha. Kama ni shangazi zake wanaokuja Ijumaa, waambie wasifie kitu kingine mbele ya mtoto. Na unapomsuka, mpake mafuta bila haraka, mtie asmini kama ulivyotiwa wewe, na usiseme kamwe kuwa nywele zake ni ngumu. Mtoto anasikia kila unapoguna na kitana.

Fleshi yako pia inataka kuongezwa. Mwombe kijana wa muvi akutafutie Akili and Me, ya shirika la Ubongo la Tanzania. Akili ni msichana wa miaka 4, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na ipo kwa Kiswahili. Kwa binti yako ni ya kitoto kidogo, lakini amsikie msichana wa katuni akisema lugha yake, ni jambo ambalo wengi wetu hatukulipata. Ya rika lake ni Supa Team 4, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kutoka mwaka 2023: wasichana wanne wa Lusaka wanaolinda mji. Kuna na Burka Avenger ya Pakistan, ya mwaka 2013, ya mwalimu anayepambana na watu wanaotaka kufunga shule ya wasichana. Akivaa vazi lake jeusi kutoka kichwani mpaka miguuni hakuna anayemjua. Hiyo mama mkwe wako akiiona atauliza nyingine iko wapi. Encanto ya 2021 nayo itafute, ina msichana wa miwani asiye na kipaji chochote cha ajabu na bibi mkali anayejifunza kusikiliza. Ila usiwaonyeshe ya bibi mkali kwanza, atadhani umemkusudia yeye.

Limebaki la babake. Mwambie asifute, na asimvunje mtoto kwa ajili ya kumridhisha mama yake. Alimwambia inshallah, na neno hilo mtoto amelishika. Katika filamu bahari yenyewe imemchagua Moana, akizama inamwinua na kumrudisha chomboni. Mkondo wa Lamu haufanyi hivyo, na hakuna wa kumfunza binti hilo vizuri kuliko nahodha. Siku asiyo na watalii awachukue wote wawili, yeye na kakake, wakati wa maji mafu, upepo ukiwa wa kawaida, waende mpaka upande wa Manda na kurudi. Amwonyeshe kukaza demani, kusoma maji yanapopwa, mahali miamba ilipo. Amshikishe usukani hata kwa muda mfupi. Kusi likiwa limekaza wasiende, na amweleze kwa nini. Na kabla ya siku hiyo anunue jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, kwa sababu yale ya watalii yatampwaya na kumvuka kichwani akianguka majini.

Shangazi